Tukichomwa sindano tuna fomu, mgonjwa akifia mikononi tunaambiwa tujikaze

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi, na hivi karibuni nimelisikia tena msibani, kule Kibosho. Mzee mmoja alikuwa akisimulia jinsi mkewe alivyofariki ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na kwamba muda mfupi baada ya kupewa taarifa alichungulia mlangoni akaona wauguzi wameketi, mmoja anakunywa chai. "Wale watu hawana huruma kabisa," alisema, na waliokuwa chini ya turubai wakaitikia. Mimi ni muuguzi wa ICU hapa Moshi. Si mimi niliyemhudumia mama yule, na msibani si mahali pa kubishana na mfiwa, kwa hiyo nilimpa pole nikanyamaza. Pole ile ilitoka moyoni. Ila najua wako wasomaji wengi wanaofikiri kama yeye, na wana haki ya kujua kinachotangulia kile kikombe cha chai na kinachofuata baada yake.

Moyo wa mgonjwa ukisimama, monita inapiga kelele, na aliye karibu anapanda kijistuli pembeni mwa kitanda, anaweka viganja katikati ya kifua na kuanza kukandamiza. Hapo hakuna upole. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kubonyea sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiachwe kirudi juu ndipo moyo ujae damu tena. Mwenzako anapuliza hewa kwa mfuko, mwingine anachoma adrenalini miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5, mwingine anaandika saa. Kila dakika 2 mnapokezana, kwa kuwa mikono huchoka kabla mwenyewe hujatambua. Mbavu za mtu mzee zinaweza kuvunjika, na anayekandamiza huzihisi chini ya kiganja kabla hajazisikia kwa sikio. Haruhusiwi kuacha. Anaendelea juu ya mbavu hizo hizo, kwa nguvu ile ile, akihesabu kwa sauti huku jasho likijaa ndani ya glavu.

Inaweza kuwa dakika 20, inaweza kuwa 40. Kwenye filamu mgonjwa hupigwa shoti moja ya umeme, anakohoa, anauliza yuko wapi. Kumbe mashine ile ina kazi pale tu moyo unapotetemeka ovyo. Moyo ulionyamaza kabisa, ule wa mstari ulionyooka, haushtuliwi kwa umeme. Unabaki kutegemea mikono na dawa. Hata Marekani, wenye vifaa vyote, katika kila watu wazima wanne ambao moyo umesimama wakiwa hospitalini, ni takriban mmoja tu anayerudi nyumbani akiwa hai. Sisi tunaowapokea wengine baada ya safari ndefu ya gari la kukodi kutoka Same, Simanjiro au Rombo, tunaanza tukiwa nyuma tayari. Na bado kila mara tunaanza kwa imani kwamba huyu atarudi, kwa sababu wako wanaorudi kweli.

Iko zamu moja ya usiku nisiyoisahau. Mama mtu mzima kutoka Machame alikuja saa ya kuona wagonjwa akiwa na chupa ya mtori. Binti yake alikuwa amejifungua, akapata kifafa cha mimba, akaletwa kwetu hajitambui. Tulikuwa ndiyo kwanza tumepokea ripoti, moyo wa yule binti ukasimama. Nilipotoka mbio kufuata dawa kwenye kabati la korido, mama yule akanizuia, akaninyooshea chupa kwa mikono miwili: "Mwanangu, bado ni wa moto. Akizinduka mpe kidogo kidogo." Alikuwa hajui. Nikapokea chupa, nikaiweka mezani kwenye mafaili, nikarudi kupokezana na wenzangu.

Binti yule hatukumpata. Daktari alisema tuache, akataja saa, nami nikaiandika kwa mkono uliokuwa bado unatetemeka. Tukatoa mirija, tukamwosha, tukamfunga taya kwa bandeji, tukaandika jina lake kwenye plasta. Nilisimama pembeni ya daktari wakati mama anaambiwa. Kisha nikajaza upya troli ya dharura, ampuli kwa ampuli, maana troli haitakiwi kukutwa pungufu. Kisha nikaenda kitanda cha pili, kwa kijana wa bodaboda aliyepasuka fuvu, kumfyonza makohozi kwenye mrija wa kupumulia, kwa sababu naye alikuwa mgonjwa wangu na alikuwa amesubiri muda wote ule. Zamu ndiyo ilikuwa inaanza. Usiku mzima hakuna aliyeketi, na habari ya yule binti hatukuizungumza usiku ule wala baadaye. Asubuhi kwenye ripoti alikuwa mstari mmoja: jina, umri, saa ya kufariki.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukimkuta muuguzi na kikombe cha chai baada ya tukio kama hilo, ujue amebahatika. Magoti yamemlegea, koo limemkauka kwa kuhesabu, na baada ya kikombe hicho kuna mgonjwa mwingine anayehitaji mikono isiyotetemeka.

Nimezaliwa na kulelewa Uchaggani, na ninajua jinsi tunavyobeba kifo. Mfiwa haachwi peke yake. Turubai linafungwa, wanawake wanapika, majirani wanakesha mpaka siku ya mazishi, na baada ya mazishi bado watu wanapita kumwangalia aliyebaki. Hata nchi nzima inajua kufanya hivyo. Mei 2017, basi la shule lilipotumbukia bondeni Karatu tukapoteza watoto 32, walimu wao wawili na dereva, watu walifurika uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha kuwaaga. Nililia kama kila mtu. Nililia pia kwa ajili ya watu waliowapokea watoto wale kwa mikono yao. Muuguzi hana turubai la kukaa. Anatoka zamu, anapanda daladala ya Majengo pamoja na watu wanaojadili bei ya ndizi Mbuyuni, anafika nyumbani, watoto wanataka hela ya daftari. Atamwambia nani? Siri za mgonjwa haziruhusiwi kutoka nje, na mume au mke aliyemsikiliza mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu anasema, "Si ndiyo kazi uliyoichagua?"

Na Moshi ni mji mdogo. Usiku wa manane unamfunua mgonjwa uso ili umwekee maski, unakuta ni mwalimu aliyekufundisha hesabu, au mama unayenunua kwake mboga. Desemba, wakati ndugu zetu wanapanda kutoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu, wengine barabara inatuletea sisi kwanza kabla hawajafika kwao. Mikoa mingine huisubiri Krismasi kwa furaha tupu. Sisi huisubiri tukiwa tumehesabu mashine za kupumulia.

Yapo mengine mawili ambayo watu wa nje hawayafikirii. La kwanza ni yule tuliyemrudisha. Moyo umepiga, tumepongezana, ndugu wametushika mikono. Lakini ubongo ukikosa hewa dakika 4 au 5 tu huanza kuharibika, na baada ya siku kadhaa tunabaini kwamba mtu yule amefumbua macho lakini hatambui mtu. Unamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, unamlisha kwa mpira, unamwona mkewe anaongea naye bila kujibiwa, na swali linakung'ang'ania: tulimsaidia au tulimtesa? Hakuna anayekusaidia kulijibu.

La pili ni kumkandamiza kifua mtu ambaye kila mtu kazini anajua hatapona. Saratani imeshasambaa mwilini, amebaki mifupa na ngozi, lakini mazungumzo na familia hayajafanyika, hakuna aliyeandika chochote kwenye faili, na moyo ukisimama kanuni inakutaka uanze. Unaanza. Nasema wazi kwamba hili ndilo linaloniumiza kuliko vifo vyenyewe. Kijana wa ajali akifa, unajua angalau ulikuwa unampigania. Hapa unajua unamvunja mbavu bibi wa watu dakika za mwisho za maisha yake, na mikono yako ndiyo inayofanya hivyo, si ya waliopaswa kukaa na wanawe wiki nzima kabla na kuwaeleza ukweli.

Nimeona yanayofuata. Nimemwona mwenzetu kijana, hodari kuliko wengi wetu, ambaye baada ya kifo cha mtoto alianza kushtuka kila monita inapolia, hata ikiwa ni waya tu umechomoka. Aliomba kuhamishiwa kliniki ya wagonjwa wa nje, akahamishwa, na watu wakasema ameogopa kazi. Nimewaona wasiolala. Nimewaona waliozoea bia mbili kila wakitoka zamu, zikawa nne. Nimewaona waliogeuka wakali kwa ndugu wa wagonjwa, na hao ndio mnaowaandikia barua za malalamiko, kwa haki kabisa. Ukali ule hawakuzaliwa nao. Wengi wetu tunasali, na sala inanishikilia mimi pia. Ila padri, mchungaji au shehe anapoingia wodini anakuja kwa mgonjwa. Sisi tunampisha njia.

Haya si mapya wala si ya Moshi peke yake. Mwaka 2017 jarida la Marekani la wahudumu wa wagonjwa mahututi, American Journal of Critical Care, lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wauguzi wa ICU kuhusu msongo unaowapata baada ya kujaribu kumrudisha mgonjwa ikashindikana. Waliokabili hali hiyo kwa kujilaumu, kwa kukana kwamba limetokea, au kwa kujishughulisha na mambo mengine ili wasahau, ndio waliokuwa na dalili nzito zaidi za kiwewe. Na uzito wa msongo ulitofautiana kulingana na msaada uliokuwepo kazini. Nilipousoma niliwaza: kujilaumu, kukana, kujisahaulisha, ndiyo elimu yote tuliyopewa sisi kuhusu jambo hili, na tuliipewa kwa neno moja, jikaze. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa ya kazini ya mwaka 2010, limeweka ugonjwa wa kiwewe baada ya tukio zito pamoja na magonjwa ya mapafu ya wachimba migodi. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Sioni sababu afya hiyo iishie shingoni.

Sasa nieleze ninachoomba, na nitaanzia kwenye jambo tunalolifanya vizuri. Nikichomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa, hakuna anayeniambia nijikaze. Naosha jeraha, natoa taarifa kwa kiongozi wa zamu hapo hapo, fomu inajazwa, napimwa, na ikibidi naanzishiwa dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI mapema iwezekanavyo, zisizidi saa 72, nizimeze siku 28. Narudi kupimwa tena. Kuna mshauri nasaha wa kuzungumza naye, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuniuliza kama nimemaliza dawa. Utaratibu huu unafuatwa usiku na mchana, kwa daktari bingwa na kwa mfanya usafi, na haukutokea wenyewe. Watu waliamua kwamba mhudumu wa afya asiambukizwe kazini akaachwa hivi hivi.

Naomba utaratibu wa namna hiyo hiyo kwa kila tukio la kumrudisha mgonjwa, awe amepona au amefariki. Tukio likiisha, kabla mwili haujaondolewa au mgonjwa aliyerudi hajahamishwa, wote waliokuwepo wasimame kimya kama dakika moja. Muuguzi wa Marekani, Jonathan Bartels wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, ndiye aliyeanzisha hilo kazini kwake, kumheshimu aliyefariki na waliompigania, na hospitali nyingine zikaiga. Sisi ambao hata kikao cha harusi hatukifungui bila kusali hatutaona ugeni. Baadaye, ndani ya zamu hiyo hiyo, dakika 10 za kuketi: nini kilikwenda vizuri, nini kilikosekana kwenye troli, nani hayuko sawa. Huyo asiye sawa apewe nusu saa nje ya wodi, na mgonjwa wake ashikwe na mwingine. Jina liandikwe kwenye fomu, na baada ya siku chache, kisha baada ya mwezi, mtu aliyepangwa amtafute amuulize kama analala, kama anakula.

Simaanishi watu walazimishwe kusimulia. Utafiti umeonyesha kwamba kumkalisha mtu mara moja na kumtaka aeleze kila alichokiona hakuzuii kiwewe, na wengine kunawazidishia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linashauri mambo matatu: angalia hali ya mtu, sikiliza kama anataka kusema, muunganishe na msaada. Asiyetaka kusema aachwe anywe chai yake, ila ajue mlango uko wapi.

Najua jibu litakalotoka: hatuna watu, hatuna fedha. Kuhusu watu ni kweli. Mgonjwa wa ICU anahitaji muuguzi wake peke yake, au wawili wagawane muuguzi mmoja, na usiku mwingi hatufiki hapo. Lakini anayeomba uhamisho kwa sababu hawezi tena kusikia mlio wa monita naye anatoka kwenye hesabu hiyo hiyo, pamoja na ujuzi uliochukua miaka kuujenga. Kuhusu fedha, washauri nasaha tunao tayari kwenye CTC, kliniki za wanaoishi na virusi vya UKIMWI, maofisa ustawi wa jamii tunao, na baadhi ya hospitali zina waganga wa magonjwa ya akili kwenye jengo la jirani tu. Kinachokosekana ni karatasi inayosema mimi nina haki ya kuwaona, na kwamba nikienda sitaandikwa kuwa dhaifu. Na yale mazungumzo na familia za wagonjwa wasio na tumaini la kupona yafanywe mapema na madaktari, uamuzi uandikwe kwenye faili, tusiachiwe sisi saa nane usiku.

Kila mwaka tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, tunavaa sare zilizonyooshwa, tunaandamana, tunawasha mishumaa na kurudia kiapo, na viongozi wanatuambia sisi ni malaika. Nawaomba waganga wafawidhi na wauguzi wakuu wa hospitali za Kilimanjaro na Arusha, na viongozi wa TANNA, chama chetu cha wauguzi, siku hiyo mwaka huu watangaze hospitali moja tu itakayoanza kutumia fomu hiyo kwenye ICU yake. Ukurasa mmoja unatosha. Ifungwe kwenye troli ya dharura, pale pale ilipo fomu ya dawa, na kama hakuna mwenye nafasi ya kuiandika, sisi wa zamu ya usiku tuko tayari kuleta rasimu.

Muuguzi wa ICU,
Moshi
(Jina na anwani vimehifadhiwa)